Bi Tillotson na Swichi ya Kusikilizia

Kwa miaka ishirini na miwili, kila aliyepiga simu katika mji wa Tamarack Fork, Ohio, alisikia kwanza sauti ya Orpha Tillotson. Mjane huyu alikaa mbele ya swichibodi, ule ubao wa kuunganishia simu, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake. Aliuliza, "Nambari, tafadhali?", akachomeka waya, akazima swichi ya kusikilizia, kisha akarudi kufuma soksi zake. Hakuwahi kusikiliza mazungumzo ya mtu. Alijivunia hilo kuliko hata pai zake za tufaha, na pai zake hazikuwa za mchezo.

Mwaka 1951 alikuja Profesa Dreyer, mtaalamu wa mambo ya jamii, akapanga chumba cha juu. Alikuwa mpole, hachagui chakula. Asubuhi, kwenye kahawa, alipenda kumweleza Orpha fikra yake kubwa.

"Watu wakikubaliana kwamba mbwa fulani ni mkali, watamrushia mawe. Mwezi haupiti, atauma kweli."

"Na kama mwenyewe hana habari kwamba ni mkali?"

"Mawe yatampa habari, Bi Tillotson."

Orpha alicheka, akamwongezea pai.

Kitabu kilitoka miaka mitatu baadaye. Profesa alikuwa amebadilisha majina yote, kama wafanyavyo wenzake, eti kuwasitiri watu. Kazi bure. Mji wenyewe wa watu mia sita! Kufikia Jumapili ya pili kila nyumba ilikuwa na nakala, majina halisi yameandikwa pembeni kwa penseli. Ukurasa wa themanini alikuwapo "Hester, mjane wa swichibodi, ambaye inaaminika husikiliza kila simu." Inaaminika na nani? Msomi hakusema, na mimi mpaka leo sijamsamehe.

Vernelle Stroud, rafiki wa Orpha tangu shule, alimletea kitabu mwenyewe. Hakuvua koti.

"Shoga, mimi sijaamini hata kidogo."

"Sasa umeniletea ya nini?"

"Ujue tu watu wanasemaje."

Wiki hiyohiyo wakaanza. "Nipe arobaini na moja, Hester." Alidhani ni utani, akangoja uishe. Haukuisha. Hata mchungaji alimwita Hester mlangoni pa kanisa, na hakutabasamu.

Kisha kampuni ya simu ikaandika barua: akitokea mtu mmoja tu aliyemgundua Orpha akisikiliza kwenye laini, swichibodi itaondolewa nyumbani kwake. Orpha hakuogopa. Angekamatwaje kwa jambo asilolifanya?

Lakini mchana mmoja alitazama dirishani, akamwona Bwana Gantz wa duka la mbegu, ng'ambo ya barabara, ameshika simu sikioni. Midomo yake haikusogea. Alikuwa akimtazama yeye. Taa ya laini yake iliwaka dakika kumi, ishirini, nusu saa. Kesho yake walikuwa watatu, kila mmoja kwenye dirisha lake, kimya. Orpha aliacha kula mchana. Usingizi nao ulimpaa.

Laini ya Gantz ilikuwa ya pamoja, nyumba kumi na moja, na tangu zamani simu ikilia kwa mmoja wote huinua kusikiliza. Hakuna aliyeona haya. Mji mzima ulisikiliza, isipokuwa Orpha.

Jumanne moja ya Machi, saa tisa alasiri, Vernelle aliomba aunganishwe na Gantz. Orpha akachomeka, akazima. Ng'ambo ya barabara madirisha yote yalikuwa na watu, simu masikioni, midomo imefungwa. Robo saa ikapita. Alitaka kujua jambo moja tu: wanangoja nini?

Mkono wake ukawasha swichi; laini ikalia tik.

Alisikia pumzi. Nyingi, za taratibu, kama za ng'ombe zizini. Akaizuia yake. Ndipo Vernelle akasema, kwa sauti ya chini, bila hasira, kama mtu anayemfungulia mgeni mlango:

"Umekawia, Hester."