Udi Ndani ya Kompyuta

Ayoub alikuwa na kibanda cha ufundi Ng'ambo, na alianza na redio kabla ya kompyuta kufika. Kila mashine iliyoletwa aliihoji kama daktari, ila majibu aliyataka kwa mwenye mashine. Imeanza lini? Jana ililala vipi? Ilipiga mlio, au ilinyamaza tu? Watu walimcheka, kisha wakamjibu.

Mwaka 2003 jambo moja lilimnyima raha. Ami yake, Machano, alikuwa amempelekea posa kwa Bi Abeer wa Kiponda, kumposea Muzna, mtoto wa kaka yake Bi Abeer, aliyelelewa na shangazi huyo tangu utotoni. Bi Abeer alipokea halua, akapokea salamu, akasema atafikiri. Akiwa bado anafikiri, kompyuta yake ikafa.

Alikuwa ameletewa na mwanawe Hisham kutoka Maskati, ili waandikiane. Maandiko yenyewe yalikuwa machache. Hisham alikuwa na kazi nyingi, kama walivyo wana wote walioko mbali. Kila alasiri Bi Abeer alijifungia chumbani na mashine akicheza karata peke yake, mchezo ambao asingekubali hata siku moja kuonekana nao barazani. "Nnasoma," humwambia Muzna. Muzna akisikia nje ya mlango jinsi kusoma kwenyewe kunavyobofya.

Basi Ayoub akaitwa.

"Shikamoo, Bi Abeer."

"Marahaba. Ndo wewe fundi?"

"Ndiye mimi."

"Na ndo wewe wa ile posa."

"Naam."

"Leo tuanze na ufundi."

Ayoub aliiwasha. Feni ilizunguka, skrini ikabaki nyeusi. Akajaribu skrini nyengine, ikawa ile ile. Akabadilisha memori, akabadilisha kisanduku cha umeme, hakuna kitu. Kilichobaki kilikuwa ule ubao mkubwa ambao vyengine vyote vimechomekwa juu yake, mafundi huuita madabodi. Akafungua ubavu wa mashine.

Kompyuta zote alizowahi kufungua zilinuka vumbi na mijusi. Hii ilinukia kama biharusi.

Ndani, feni ilikuwa na utando wa hudhurungi unaonata. Pembeni, kapasita, vile vikopo vidogo vinavyotuliza umeme, zilikuwa zimevimba vichwa kwa joto. Ayoub aliinua macho. Juu ya mashine palikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma, kizuri, kilichoshuka mpaka chini na kuziba matundu yote ya hewa. Chini ya meza palikuwa na chetezo. Kila siku Bi Abeer alikifukiza chumba, nguo, na zawadi ya Hisham vilevile, maana majirani walikuwa wameisifia kupita kiasi na jicho la mtu halina adabu.

Ayoub alijua papo hapo. Lakini mtu huanzia wapi kumwambia mama wa makamo yale, mwenye jawabu ya posa yako mkononi, kwamba udi wake ndio uliomuulia zawadi ya mwanawe?

"Ni chumvi, Bi," akasema. "Upepo wa bahari unaingia dirishani."

"Umesikia, Muzna? Nshasema mie dirisha lile baya."

Ayoub aliuchukua ubao kibandani, akang'oa kapasita zilizovimba, akatia nyengine kutoka kwenye redio iliyokufa. Mashine ikawaka. Bi Abeer akamwombea dua ndefu, naye akarudi Ng'ambo anatembea kama aliyekwisha kuoa.

Sasa Bi Abeer alikuwa mtu wa kufuata dawa. Kwa kuwa adui ni chumvi, alilifunga dirisha moja kwa moja. Ili kuikausha hewa, akaongeza udi. Na juu ya kitambaa cha kwanza akatandika cha pili, kizito zaidi. Kabla mwezi haujaisha mashine ilipiga mshindo mmoja na kutoa moshi ambao haukuwa wa udi.

Hakumwita Ayoub. Alimwita Machano.

"Mwambie kijana wako," alisema, "kama hawezi kutengeneza kisanduku kilichotulia mezani, nyumba ya mtoto wangu ataitengeneza vipi?"

Machano aliufikisha ujumbe pamoja na nyongeza zake mwenyewe. "Nilikwambia usomee ualimu. Mwalimu akikosea, wanafunzi hawatoki moshi."

Kesho yake Ayoub alikwenda Kiponda bila kuitwa. Alifungua mashine mbele ya Bi Abeer, Muzna akiwa amesimama mlangoni. Ubao ulikuwa umeungua mpaka umetoboka.

"Haya, chumvi tena?" akauliza Bi Abeer.

"Si chumvi, Bi. Ni udi. Na hivi vitambaa. Mashine inataka kupumua, nawe umeifunika kama maiti."

Muzna alitazama sakafu kwa bidii.

"Ulilijua hili tangu mara ya kwanza?"

"Nililijua."

"Na ukaniambia chumvi."

"Niliona haya, Bi Abeer."

"Wewe umeona haya, mimi nimekaa mwezi mzima kwenye tanuri." Alijipepea kwa upindo wa kanga. "Wewe mwanamme wa namna gani? Siku ukiniona na moto kwenye buibui, utaniambia nimependeza?"

Muzna akashindwa, akacheka. Ayoub hakuthubutu.

"Nenda katafute huo ubao," akasema Bi Abeer. "Mashine ikiwaka, nami ntakupa jawabu yako. Iwe ya kheri au isiwe."

Kumbe ubao nao una ukoo. Darwesh, muuza vifaa wa Darajani, aliutazama ulioungua, akaigusa prosesa iliyo ubongo wa mashine, akatikisa kichwa. "Prosesa hii haiingii kwenye ubao wowote wa siku hizi. Nnao mpya, mzuri, lakini hawataelewana." Mwengine ulioagizwa kutoka Dar es Salaam ulikuwa na soketi sawa, pale prosesa inapokaa, lakini memori ikaukataa. Ayoub alianza kumwelewa Bi Abeer kufikiri kwake kote kule.

Hatimaye alisikia kwamba hoteli moja ya Mbweni ina kompyuta zilizostaafu. Mtunza stoo, Shaame, alimfungulia.

"Zote mbovu," alimwonya.

"Mbovu kwa ugonjwa gani?"

"Mimi ntajuaje? Walisema diski imekufa."

Diski imekufa, lakini mwili uliobaki ni mzima. Ayoub alipiga magoti kwenye vumbi na tochi. Ubao wa tatu ulikuwa wenyewe, soketi ile ile, kapasita zake zimesimama wima na vichwa bapa.

Alasiri aliufunga Kiponda, Bi Abeer na Muzna wakimwangalia. Akabonyeza. Skrini ikawaka buluu, kisha picha ya Hisham ikatokea. Bi Abeer aliitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Ayoub akaanza kurudisha ubavu wa mashine, skrubu mbili kazibana kwa midomo.

"Unakaa Michenzani, eti?" Bi Abeer aliuliza bila kugeuka.

Akaitikia kwa kichwa.

"Ghorofa ya ngapi?"

Akaonyesha vidole vinne.

"Ya nne. Na mimi na magoti haya, kila nikitaka kumwona mtoto wangu Muzna nipande ngazi zote zile?"

Ayoub alikuwa bado anazitafuta skrubu zilizomdondoka, Muzna mlangoni amekwisha kujifunika uso kwa mtandio.