Choo Kinachosukuma Kivivu

Juzi hapa Kasongo, nikiwa dukani kununua misumari, aliingia bwana mmoja mwenye kanzu safi, jasho likimtiririka. Watu waliokuwa wanakuja kumposa binti yake walikuwa tayari njiani kwa pikipiki kutoka Kabambare, na choo chake kilikuwa kinasukuma maji kivivu.

“Nipe tanki ya choo mupya, nzima,” alimwambia mwenye duka.

Mama mmoja aliyekuwa anachagua kufuli akageuka. “Baba, ukimwaga ndoo ya maji mara moja, inashuka?”

“Inashuka bila shida.”

“Basi njia haikuziba. Angalia mu tanki.”

Bwana akampigia mke wake simu, akaongeza sauti ya simu hadi sote tukasikia. “Mama, fungua kifuniko ya tanki. Iko nini ndani?”

Tukasikia kifuniko kikiwekwa chini, kisha sauti ya mke: “Iko matofali yako mbili.”

“Yangu?”

“Weye mwenyewe ulitiaka, ulisema tunamaliza maji, tanki ishike kidogo!”

Duka zima tukainamisha macho. Bwana akasema kwa sauti ndogo, “Toa.” Tukangoja tanki ijae. Kisha tukasikia ndani ya simu maji yakishuka kwa kishindo, na mwenye duka akapiga makofi.

Bwana akanyoosha kanzu yake. “Nilijua ni kitu kidogo,” akatuambia, akatoka.

Sikumcheka sana. Nilipofika nyumbani nilijifungia chooni, nikafunua tanki, nikatoa jiwe langu kabla mke wangu hajasoma safu hii.