Moshi wa Sauna za Krismasi

Saa mbili asubuhi, mkesha wa Krismasi, na mji wa Kuopio, kaskazini ya mbali, bado giza. Marjut Pennanen yuko jikoni kwake, soksi za sufu miguuni, jicho moja kwenye kompyuta, jingine kwenye uji wa mchele. Kazi yake ni kukadiria moshi wa mji utaelekea wapi na utakaa kwa muda gani.

Leo upepo umelala. Hewa baridi imetulia chini, ya joto imeifunika kwa juu kama mfuniko wa sufuria. Moshi ukitoka hauna pa kwenda.

Jirani yake, Reino Tossavainen, amekuja kuulizia hali ya hewa. Mapafu yake ni mabovu. Krismasi iliyopita moshi ulimlaza hospitali, kaburi la mkewe Helvi likakosa mshumaa wake wa mkesha. Hataki likose tena.

Jana Marjut alimwambia aende saa tisa alasiri, hewa itakuwa safi. Sasa anaitazama tena ramani ya moshi kwenye kompyuta, anasita, anamwuliza mzee sauna yake, bafu la mvuke la kuni, ataiwasha saa ngapi.

"Adhuhuri, kama watu wote," anasema Reino. "Kwani wewe Krismasi huogi?"

Marjut anajishika kichwa, anacheka. Mkesha umeangukia Jumamosi, naye ameiachia kompyuta hesabu ya Jumamosi zote, kwamba mji unawasha sauna jioni. Na kuni zake mwenyewe za adhuhuri ziko pale mlangoni.

Anarekebisha saa, kompyuta inapiga hesabu upya. Alasiri, doa jekundu la moshi linakaa juu ya makaburi.

"Nenda sasa hivi, mzee. Saa tisa hapafai."

"Na giza hili?"

"Mshumaa wa mchana nani atauona?"

Reino anavaa kofia. Helvi alizoea kumlalamikia kwa kuchelewa, anasema, leo atashtuka.

Marjut anampigia mwenzake wa zamu ili tangazo la mji kuhusu hewa libadilishwe. Anamwambia mwaka ujao atapita mtaa kwa mtaa akiwauliza watu wanawasha lini, sikukuu hata siku za kawaida. "Upepo naujua," anasema. "Watu ndio bado."

Uji haujapoa Reino anaporudi, mashavu mekundu, pumzi yake shwari. Anakaa, anavuta bakuli.

"Kwenye hesabu yako, mimi niweke jioni," anamwambia. "Nitaoga wa mwisho. Bomba moja la moshi limepungua."

Marjut anaiweka kompyuta pembeni, kisha anazirudisha kuni zake stoo.