Sungura Aliyeitwa Kuku

Nyumbani kwetu Machame, nilipokuwa mtoto, bibi yangu mzaa baba alikuwa na orodha ndefu ya vitu asivyotakiwa kula mwanamke mjamzito, na cha kwanza kilikuwa sungura. Akila sungura, mtoto atazaliwa na mdomo uliopasuka. Bibi hakulisema hilo kwa kunong'ona wala kwa kutisha. Alilisema kama mtu anayekuambia mvua inakuja, kaanue nguo.

Mama alikuwa na mimba ya miezi saba, na alikuwa amechoka kula maharage. Jumamosi moja bibi alikwenda msibani, ng'ambo ya mto. Baba akarudi kutoka Moshi mjini na mfuko mweusi. Ndani mlikuwa na mnyama aliyekwisha kuchunwa, mwekundu, mrefu, hana kichwa. Nyama ya sungura haikuwahi kuingia nyumbani kwetu. Baba alikuwa mtu wa maendeleo, yaani alizidharau imani za mama yake pale mama yake asipokuwepo.

"Manka, mama yako akiuliza, ni kuku," aliniambia.

Tulimpika sisi wawili. Baba, ambaye hakujua hata chumvi inakaa wapi, alikata nyama. Mimi nilikaanga vitunguu na nyanya, nikaiacha nyama ichemke mpaka ilainike, ndipo nikaongeza ndizi za mchare. Mchuzi ukawa mzito. Harufu ilianza kama ya kuku, kisha ikaenda njia yake.

Mama alimaliza sahani mbili. Kwenye ya tatu akasita, akakigeuza kipande kwa kidole.

"Baba Manka, huyu kuku ana mapaja mangapi?"

"Ni wa kisasa."

Mama akanitazama mimi. "Ni kuku, Manka?"

"Ni kuku, mama."

Akaendelea kula.

Mdogo wangu alizaliwa na mdomo wa juu uliopasuka mpaka puani. Hakuweza kunyonya. Maziwa yalimtokea puani, na sauti ya kilio chake ilipungua siku hadi siku. Majirani walikuja na mtori, ile supu ya ndizi ya mzazi, wakamtazama mtoto, wakatazamana. Baba akapata kazi nyingi za ghafla migombani. Mama alikamua maziwa yake kwenye kikombe, na bibi akaketi na kijiko, tone kwa tone, mchana kutwa, kichwa cha mtoto kikiwa kimeinuliwa mkononi mwake.

Nilijua ni mimi niliyempasua. Kwetu, mwenye kosa zito hukata jani la isale, ule mmea wa mpakani mwa kihamba, shamba la nyumbani, akampelekea aliyemkosea. Na aliyeletewa isale hakatai kusamehe. Kwa mama sikuthubutu. Nilikata jani langu, nikampelekea bibi.

"La nini?"

Nikamwambia yote. Aliendelea na kijiko mpaka kikombe kikaisha.

"Mama yako anajua?"

"Hajui, bibi."

"Basi usimwambie sasa. Maziwa yanataka moyo uliotulia." Akalipokea jani, akalifunga kwenye pindo la kanga yake. "Haya, kanawe mikono uje umshike kichwa. Mkono wangu umekufa ganzi."

Mtoto aliishi. Alipoongezeka uzito, madaktari walimshona. Leo ana ndevu, na kovu hulioni mpaka uambiwe. Mama nilimwambia siku ile mtoto aliposhonwa. Alilia kidogo, kisha akanituma maji.

Miaka mingi baadaye nilirudi likizo kutoka chuo kikuu na habari njema: mdomo wa mtoto huungana ndani ya miezi miwili ya kwanza ya mimba. Sungura wetu alikuja mwezi wa saba. Nilimhesabia bibi kwa vidole, kama mwalimu. Alinisikiliza huku akichambua kahawa.

"Sungura umemtetea vizuri," akasema. "Lakini isale hukuniletea kwa ajili ya sungura."

Bibi ameshafariki, na sidhani vidole vyangu vilimshawishi. Mimi nisiyeamini, kumsamehe baba hakukunigharimu chochote. Bibi aliamini kabisa kwamba tulimharibu mjukuu wake kwa sufuria moja ya ndizi, baada ya kutuonya waziwazi. Na katika miezi yote ile ya kijiko, sikumsikia hata mara moja akisema, "Niliwaambia."