Mwangwi wa Ukuta wa Bi Rukia

Ipo siku moja, mwanangu, kila nikipita mtaa wa Malindi, hapa mjini, hunijia nikacheka peke yangu. Nilikuwa kijana, nimerudi kutoka ughaibuni na diploma ya hesabu za mawimbi ya sauti, niliyoipata kwa jasho langu, nikiosha vyombo vya watu ili nilipe ada. Unguja nzima sikumwona wa kulingana nami. Na hata leo sijamwona sana.

Bi Rukia, mjane wa mtaa huo, alikuwa ameambiwa ahame. Fundi aliupima ukuta wa nyumba yake kwa chombo cha kupitisha sauti, akasema umeoza, nyumba ibomolewe. Nikaitwa niukague upya. Kumbe fundi kapima pahala pamoja tu, na chombo kakipanga kwa kipimo cha ukuta wa matofali ya saruji!

Sikiliza, mwanangu. Ndani ya chuma wimbi la sauti hunyooka. Lakini ukuta wa Mji Mkongwe ni matumbawe, chokaa na udongo, kila jiwe na umbo lake. Wimbi hugonga huku, hupinda kule, likatoka limechelewa na kujaa makelele. Makelele hayo si uozo. Ni kama soko la Darajani: mchuuzi mmoja atakupa bei ya samaki wake tu, ukitaka hali ya soko, wasikilize wote. Basi tukaupima ukuta mzima, mimi na fundi, nikatafuta wastani. Makelele ya kubahatisha yakamezana, ikabaki kasi ya sauti ndani ya ukuta wenyewe, sawa na ya kuta za jirani zilizo imara. Penye wengi hapaharibiki neno, hata kwa mawimbi.

Nikaanza kumweleza Bi Rukia: chuo changu, mitihani yangu, walimu walivyonistaajabia. Kahawa ikapoa. Bi Rukia akanikatiza:

"Mwanangu, nakuuliza nyumba, weye wanijibu chuo. Debe tupu haliachi kuvuma. Mtupu ni nani hapa, ukuta au weye?"

"Ukuta ni mzima, Bi, haujaoza."

"Kwa hiyo sihami?"

"Huhami. Upakwe chokaa mpya tu."

"Alhamdulillahi! Haya, sasa nambie hicho chuo chako, nnakusikiliza."

Nikamweleza mpaka adhuhuri.

Basi nasaha yangu ni hii: kilichochanganyika usikihukumu kwa pahala pamoja, kiwe ukuta, awe mtu. Na ukishajua, anza na lile linalomkosesha mwenzio usingizi. Sifa zako zitangoja, hazichachi. Mola akujaalie elimu yenye manufaa, na watu wa kuisikiliza.