Picha za Matumbo ya Viti

Mama yangu ni fundi wa makochi. Nasema fundi, si mtu wa kubandika vitambaa. Karakana aliyofanyia kazi miaka ishirini na miwili ilifungwa mwaka jana, mwenye karakana alipozeeka na wanawe wakataka pale pawe duka la simu. Mama akarudi nyumbani na sanduku lake la vifaa, miaka hamsini na minne, na tangu siku hiyo nyumba yetu haikukalika. Kweli haikukalika! Aliyafumua makochi yote mawili, akayafunga upya, akayatazama, akayafumua tena. Wageni tuliwakalisha kwenye ndoo.

Nilicheka, lakini moyoni niliumia. Karakana zote alizozungukia zilimwambia zinataka vijana. Akaanza kuamka saa nne asubuhi, yeye ambaye jua halikuwahi kumkuta kitandani. Nikaona nikikaa kimya, mama atazeeka mbele ya macho yangu.

Basi nikamfungulia ukurasa kwenye ule mtandao ambako mabosi na wafanyakazi hutafutana, toka nchi hii hadi ile. Mimi ni mjuaji, sikatai. Nikaandika: "Mbunifu mwenye maono na shauku ya ubora." Mama akavaa miwani, akasoma.

"Maono gani? Kwani mimi mganga?"

"Ndivyo wanavyoandika, mama."

"Andika nafunga springi kwa mkono."

Nikaacha langu, nikaliongeza lake chini kabisa.

Kesho yake, kabla sijaenda kazini, nikamwachia kazi rahisi: achague picha kumi nzuri za kazi zake aziweke kwenye ukurasa. Jioni nafungua, jamani! Picha kumi na nne, zote za viti vilivyopinduliwa miguu juu. Kamba, magunia, springi, mbao. Hakuna hata kiti kimoja kilichoonekana uso.

"Mama, umenimaliza! Nani ataajiri mtu kwa picha za matumbo ya viti?"

"Fundi akimwonyesha mwenzake kazi, anapindua kiti. Karakanani ndivyo tulivyofanya siku zote. Kitambaa ni sifa ya aliyekisuka."

"Hawa si mafundi wenzako, ni mabosi wa mtandaoni!"

"Bosi asiyejua kupindua kiti simtaki."

Nikataka kuzifuta. Akaniambia nikithubutu nitakula kwa jirani. Mama ni mama, nikaziacha.

Nikawaandikia wenye karakana sitini na mmoja wa nchi za mbali. Wengi kimya. Mmoja alitaka kutuuzia bima. Mwingine, mzee wa watu, alitaka kumuoa. "Mjibu," mama akasema, "muulize ana makochi mangapi." Tulicheka mpaka mbavu zikatuuma.

Wiki ya tatu ukaja ujumbe wa mstari mmoja: "Nani amefunga springi hizi?" Aliyeuliza alikuwa mzee mwenye karakana ya kukarabati viti vya kale, huko ng'ambo. Mimi na matapeli hatuivi chungu kimoja, kwa hiyo nilimchunguza kama askari. Kwenye mtandao uleule nikamtafuta mfanyakazi wake, mama mmoja mshonaji, nikamuuliza bila kuzunguka. Akajibu kwamba yuko pale mwaka wa tisa, mzee ni mkali wa kazi ila ni mtu wa watu, na kibali na nauli hushughulikia mwenyewe. Haya, tukakubali kuzungumza naye kwa video.

Siku hiyo nikamketisha mama mbele ya simu, mimi pembeni nikiwa mkalimani. Kabla hatujaulizwa chochote nikaanza kuomba radhi kwa zile picha: mama si mtu wa mitandao, alikosea. Mzee akanikatiza. Akasema miezi sita sasa watu wanamtumia picha za vitambaa vizuri mpaka macho yamemchoka, na hizi ndizo za kwanza za mtu asiyeogopa kuchunguliwa. Nikatafsiri, aibu imenijaa tele. Mama akanikanyaga mguu chini ya meza, kwa raha zake.

Mzee hakutaka vyeti. Akaburuta kiti cha kale mbele ya kamera, akauliza kina ugonjwa gani.

"Mwambie akikalie," mama akasema.

Akakikalia.

"Ainuke. Akae tena, polepole. Na wewe acha kuhema."

Nikabana pumzi. Mama alikuwa amesogea mpaka pua inakaribia kugusa simu.

"Kushoto, nyuma. Anazama upande huo bila kujijua, na springi inalia. Wameifunga fundo moja badala ya mawili, kamba inakatika."

Nikatafsiri. Akikosea hapa ndiyo basi, na sikujua ningemwambia nini kesho yake asubuhi. Mzee akapindua kiti, akachukua mkasi, akachana gunia, akachungulia. Kisha akakaa sakafuni akicheka peke yake, akawaita watu wake waje kuona. Kamba ilikuwa imebaki nyuzi mbili.

"Nilikuwa natafuta msaidizi," akasema. "Sasa nataka mtu wa kuwafundisha hawa. Anaweza kuja lini?"

Nilipiga vigelegele ambavyo naamini vilimuumiza masikio huko aliko. Mama hakupiga. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Mwambie hata kesho," akasema.

Haikuwa kesho, kibali kilichukua miezi miwili. Na kwenye uwanja wa ndege, mimi niliyeandika, niliyetafuta, niliyetafsiri, ndiye niliyemshika mkono nikalia mpaka watu wakageuka. Sikutaka aende. Mama alikuwa amevaa viatu vipya na mgongo wake umenyooka kama wa msichana. Akanipangusa machozi kwa kiganja chake kigumu.

"Sasa unalia nini na wewe?" akasema. "Niache nipite. Naenda kazini."