Farasi wa Harub na Kifua cha Zuwena

Shangazi yangu Zuwena hakuvuta pampu yake ya pumu kabla ya kuitikisa sikioni, kama mtu anayechagua nazi gengeni. Hata pumzi ikiwa imembana na midomo imebadilika rangi, kwanza aliitikisa, akasikiliza, ndipo akaipeleka mdomoni.

Alikuwa mpishi katika nyumba ya Bwana Harub, mfanyabiashara wa Raskazone aliyenunua farasi kwa sababu jirani yake alinunua gari lenye paa linalofunguka. Farasi mwenyewe, Marjani, aliletwa kutoka Mombasa kupitia mpaka wa Horohoro, na Harub hakujua hata anakula nini. Mtunzaji wa kwanza aling'atwa bega akaondoka siku hiyohiyo. Zuwena, aliyekulia Kigombe kati ya punda wa baba yake, akatoka jikoni na mwiko mkononi, akamshika farasi hatamu. Basi, ikawa kazi yake.

Kazi hiyo ikamwamshia pumu ya utotoni. Macho yalimvimba, akapiga chafya mpaka mtandio ukamdondoka. Daktari akasema ana mzio wa nywele za farasi na vumbi la majani makavu, aachane naye. Hakuachana naye. Majani aliyaloweka kwenye pipa kabla ya kumlisha. Burashi alimpigia uani, akisimama upande upepo unakotoka, kanga mbichi puani. Akimaliza alioga na kubadili nguo kabla hajagusa sufuria. Siku nyingi tahadhari hiyo ilimtosha.

Bi Zeyana, mke wa Harub, aliona yote hayo ni kudeka.

"Mzio ni maradhi ya Wazungu," alisema. "Mtu wa Kigombe ana mzio wa nini, wa pweza?"

"Wa watu wengine, bibi," Zuwena akajibu. "Lakini hao hawalowekeki."

Ikafika harusi ya mtoto wao, Nawaf. Ilitakiwa bwana harusi aende juu ya farasi, mtaa mzima utazame. Na mtaa ukitazama, kuna hasadi. Kwa hiyo siku yenyewe, Zuwena akiwa anachota maji, Bi Zeyana aliingiza vyetezo vitatu bandani, akatia udi na ubani wa kutosha nyumba kumi, akafunga mlango na madirisha ili moshi umkolee mnyama. Mwanamke aliyesoma, mwenye cheti ukutani, alimfungia kiumbe ndani ya moshi ili watu wasimdhuru.

Marjani alianza kukohoa na kupiga mateke. Wanaume wa harusi, kanzu zimepigwa pasi, walisimama mbali wakishauriana. Zuwena akatua ndoo, akafungua mlango, akaingia. Alitoka naye, kisha akaanguka.

Nawaf alikwenda kuoa kwa bajaji. Shangazi alipelekwa hospitali. Familia ikaafikiana kwamba kweli hasadi ilikuwa kali, na vyetezo vitatu vilikuwa vichache.

Siku ya pili Harub alikuja wodini amejipaka mafuta ya udi mpaka shingoni. Zuwena akainua mkono.

"Rudi mlangoni, Bwana Harub. Sema ukiwa hukohuko."

"Farasi hali," Harub akasema kutoka mlangoni. "Tukimpa majani anakohoa tu."

"Mmeyaloweka?"

"Kwani yanafuliwa?"

Shangazi alifumba macho kidogo. "Bomoa ukuta wa banda, upande wa bahari. Na chetezo kisivuke uani tena. Ndipo nitarudi."

Aliubomoa. Bi Zeyana hakusema na Zuwena mwezi mzima, na shangazi akauhesabu mwezi huo kuwa likizo.

Alimtunza Marjani miaka mitatu zaidi. Masika ya mwaka huu kifua kilimbana, hakikuachia. Watu walewale waliowasha moshi walikaa matangani wakieleza, kwa upole mwingi, kwamba farasi ndiye aliyemuua. Mimi niliosha vikombe.

Wiki moja kabla hajafa nilimkuta bandani, sauti imekwisha, anakamua majani kwa mikono miwili. Nilimsihi aache, arudi Kigombe akapumue. Hakukasirika. Aliweka majani mbele ya Marjani, akajifuta mikono kwenye kanga, akanong'ona:

"Nikiondoka, mwanangu, watamsikia akikohoa, watasema ana jini, watamfukiza."